Miwani ya uhalisia pepe na macho ya watoto: ufafanuzi kwa wazazi na walezi

Kliniki yetu ya macho ya watoto imekuwa ikipokea maswali mengi kuhusu miwani ya uhalisia pepe (VR), yaani kifaa kinachofunika macho na kuonyesha ulimwengu wa kubuni, na mengi huanza na dai kwamba inapofusha. Hakuna ushahidi wa kitabibu unaothibitisha dai hilo, nasi tunaomba lisiendelee kusambazwa. Tatizo lipo, ila si hilo.

Mtoto anapotazama kidole kikisogezwa kuelekea puani pake, macho yote mawili hugeukia ndani na papo hapo lenzi ya kila jicho hujirekebisha ili kidole kionekane vizuri. Kazi hizo mbili huenda pamoja. Ndani ya miwani hiyo, kipepeo wa kubuni anaposogea karibu na uso, macho hugeuka kumfuata, ilhali lenzi hutakiwa kubaki imelenga umbali uleule uliopangwa na mtengenezaji, ambao kwa kawaida ni kati ya mita 1 na 2. Mvutano huo ndio unaochosha macho na kuumiza kichwa, na kwa kawaida dalili hupungua miwani ikivuliwa.

Jambo linalosahaulika ni nafasi kati ya mboni mbili. Kwa mtu mzima ni wastani wa milimita 63, wakati kwa mtoto wa miaka 5 hukaribia 50, na lenzi za vifaa vingi hazisogeleani kufikia hapo. Kukaza mkanda hakusaidii, kwa sababu mkanda hushika kichwa, hausogezi lenzi za kifaa.

Kuhusu umri, mwaka 2023 kampuni ya Meta, inayotengeneza miwani hiyo, ilishusha umri wa chini wa kuitumia kutoka miaka 13 hadi 10, kwa akaunti zinazosimamiwa na wazazi. Miaka 13 ndiyo pia mpaka wa sheria ya Marekani ya faragha ya watoto mtandaoni, kwa hiyo asiichukue mtu kuwa kipimo cha macho. Mzazi anayemwongezea mtoto umri ili afunguliwe akaunti ajue kwamba akaunti hiyo inaweza kufutwa, pamoja na michezo iliyonunuliwa.

Mtoto ambaye akivaa miwani hiyo huona vitu viwiliviwili, anayefumba jicho moja, au asiyeona kina ambacho wenzake wanakiona, aletwe kliniki. Huenda ana makengeza yaliyojificha au jicho vivu, yaani jicho lisiloona vizuri kwa sababu ubongo hulipuuza, ambalo kulitibu kabla ya miaka 7 au 8 huleta matokeo mazuri zaidi. Miwani haikuyasababisha, imeyafichua tu. Atafunikwa jicho moja baada ya jingine, kisha atatiwa dawa ya matone ya kupanua mboni na kusubiri takriban nusu saa kabla ya kupimwa. Matone hayo huacha ukungu wa kuona karibu kwa hadi saa 24, kwa hiyo si lazima kutupigia simu jioni hiyohiyo kuuliza kwa nini hawezi kusoma.