Football si Mchezo Mmoja: Dhana Potofu na Ukweli

Kila Kombe la Dunia linapokaribia, ubishi uleule hurudi vijiweni: Wamarekani wameharibu jina la mpira, wakauita soccer, kisha football wakaipa ile michezo yao ya kukumbatia mpira na kugongana vichwa. Ubishi mtamu, ila hoja zake nyingi hazisimami.

Dhana: Soccer ni neno la Kimarekani

Ni la Waingereza, tena wasomi. Oktoba 1863 wawakilishi wa klabu za London na vitongoji vyake walikutana Freemasons' Tavern wakaunda Football Association, chama cha mpira cha Uingereza, FA hii hii tunayoijua. Mchezo waliouwekea sheria ukaitwa association football, usichanganywe na football ya shule ya Rugby. Miaka ya 1880 vijana wa Chuo cha Oxford walikuwa na mtindo wa kukata maneno na kuyabandika -er mwishoni. Rugby ikawa rugger, association ikanyofolewa katikati ikawa soccer. Waingereza wenyewe walilitumia neno hilo kwa miongo mingi kabla mashabiki wao hawajaanza kulinunia. Soka yetu imetoka humo humo, kwa hiyo anayemcheka Mmarekani huku akijiita mpenzi wa soka ajitazame kwanza. Na herufi A ya mwisho katika FIFA? Ni association ileile.

Dhana: Inaitwa football kwa sababu mkono hauruhusiwi

Foot ni mguu, ball ni mpira, na wengi huishia hapo. Lakini jina ni kongwe kuliko katazo. Mwaka 1424 Bunge la Scotland, chini ya Mfalme James I, lilipiga marufuku "fut ball" na kuweka faini ya peni nne, zaidi ya karne nne kabla ya FA kuzaliwa. Wapo wanaodai jina lilimaanisha mchezo wa watembea kwa miguu, si wa wapanda farasi. Hilo halijathibitishwa.

Hata sheria za kwanza za FA zilimruhusu mchezaji yeyote kudaka mpira uliopo hewani, na akiweka alama kwa kisigino papo hapo anapewa pigo huru. Kipa alikuja kutajwa sheriani mwaka 1871.

Ugomvi mkubwa wa 1863 ulihusu kukimbia na mpira mkononi, na zaidi ya hapo, haki ya kumpiga mpinzani teke la ugoko. Klabu ya Blackheath ililitetea teke hilo kwa moyo wote. Mwakilishi wake, Campbell, alionya kwamba likifutwa ataleta Wafaransa wawafunge Waingereza baada ya mazoezi ya wiki moja tu. Alishindwa, Blackheath ikajitoa. Mwaka 1871 ikawa miongoni mwa waasisi wa chama cha raga cha Uingereza, ambacho nacho, bila haya, kikalipiga marufuku teke la ugoko.

Dhana: Wamarekani waliiba jina

Novemba 6, 1869, Rutgers na Princeton walicheza mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya football ya vyuo Marekani: watu 25 kila upande, na hakuna ruhusa ya kubeba wala kurusha mpira. Baadaye Harvard wakanogewa na mtindo wa raga, na kuanzia 1880 Walter Camp wa Chuo cha Yale akaufumua mchezo sheria baada ya sheria. Mchezo ulibadilika, jina likabaki palepale.

Melbourne, Australia, nako wana football yao, yenye sheria za 1859, na Waairishi wana ya kwao. Ndiyo maana timu ya taifa ya Australia ya mpira wetu inaitwa Socceroos.

Dhana: Basi tafsiri ni ileile popote

Hapa ndipo wanaotafsiri habari huteleza. Mwandishi wa Marekani akisema eneo limeungua ukubwa wa "football fields" mbili, hazungumzii uwanja wa Simba na Yanga. Uwanja wao, pamoja na maeneo ya kufungia ya pande zote mbili, ni takriban mita 110 kwa 49, kama mita za mraba 5,350. Wa soka wenye mita 105 kwa 68 unafika 7,140. Andika mita, msomaji aelewe.