Picha rasmi ya hafla ya serikali: maana yake na jinsi ya kuisoma

Picha rasmi ya hafla ni picha inayopigwa kwa niaba ya serikali, na mpigapicha aliyetumwa kazi hiyo, ili ibaki kuwa ushahidi kwamba jambo fulani la umma lilifanyika: kiongozi alikula kiapo, bendera ilipandishwa, mkataba ulitiwa saini, mwananchi alivishwa nishani. Huambatana na maelezo yanayotaja ni nani, wapi, lini na kwa shughuli gani. Picha na maelezo yake ni kitu kimoja. Yakitengana, kinachobaki ni watu waliovaa suti wakipeana mikono, na hakuna ajuaye walikuwa wakipongezana kwa lipi.

Nayatanguliza maelezo kwa sababu hasara kubwa inatokea hapo. Katika nyumba nyingi za Nairobi, kuanzia Eastleigh mpaka Kawangware, kuna picha ya namna hii sebuleni au kwenye albamu. Anayetoa tuzo hatambuliwi kwa shida: ni Mzee Kenyatta, au Moi, au Kibaki. Anayepokea ndiye asiyejulikana. Wajukuu wanasema ni babu, au pengine ni ndugu yake babu, na tuzo ilikuwa ya nini hawana hakika. Ilhali hafla iliandaliwa kwa ajili ya huyo anayepokea. Rais angepigwa picha siku hiyo hata kama mtu huyo asingezaliwa. Anayepokea huenda alikutana na kamera ya serikali mara moja tu maishani.

Wapigaji wa picha hizi hawakuwa wa aina moja. Serikali ya kikoloni ilikuwa na idara yake ya habari, na baada ya uhuru kazi ikachukuliwa na Wizara ya Habari pamoja na Shirika la Habari la Kenya, lililoanzishwa 1963, huku Ikulu nayo ikiwa na kitengo chake cha habari. Kando yao walisimama wapigapicha wa magazeti na wale wa kujitegemea. Aliyejulikana zaidi ni Mohamed Amin, mwanzilishi wa Camerapix, aliyefanya kazi Nairobi hadi alipofariki 1996 katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka karibu na Visiwa vya Komoro. Wote walielekeza kamera upande mmoja, lakini kila mmoja alikuwa na haja yake. Wa gazeti alitafuta picha moja itakayobeba ukurasa wa kwanza. Wa serikali alitakiwa kumpata kila aliyeitwa, mmoja baada ya mwingine, hata kama sura zote zingefanana.

Ndiyo maana picha za kutoa tuzo zina mpangilio ule ule. Afisa wa itifaki anasoma jina na sifa za mhusika. Anayeitwa anapanda, anasimama upande wake, anainamisha kichwa kidogo. Kama ni nishani ya kubandikwa, hukaa kifuani upande wa kushoto, na hapo mpigapicha ana tatizo, kwa maana mgeni rasmi akiinua mikono anamziba mwenziwe. Kwa hiyo picha nzuri hupatikana sekunde chache baadaye, wakati wa kupeana mkono. Mkono wa kulia unashika wa mwenzake, wa kushoto unabaki na cheti au kasha, na wote wawili wanatulia kidogo wakitazama kamera. Mtu asiyeujua utaratibu huo anaweza kudhani wanasubiri kitu. Wanampa mpigapicha nafasi.

Mpangilio huo una faida ambayo watu wachache huifikiria. Kwa kuwa mpigapicha alifuata mwito wa majina, picha zilizo kwenye filamu moja zinafuatana sawasawa na orodha ya waliotuzwa siku hiyo. Ukipata ukurasa ambao negativu zote za filamu zimesafishwa pamoja zikiwa ndogondogo, na ukapata programu ya hafla, unaweza kuweka jina juu ya sura ambayo haikuwa na jina kwa miaka hamsini. Ila pana mitego. Aliyekuwa mgonjwa hakuja, na mstari wote ukasogea nafasi moja. Tena, kamera za mraba zilizopendwa miaka ya 1950 na 1960, kama Rolleiflex, zilitumia filamu ya 120 yenye picha 12 tu. Mpigapicha alipokuwa akibadilisha filamu, hafla haikumsubiri. Kuna Mkenya aliyepanda jukwaani, akavishwa nishani na kushuka katika dakika hiyo hiyo, na kwa upande wa picha ni kama hakuwapo.

Maelezo yenyewe huandikwa kwa mtindo unaofahamika: “kutoka kushoto”, “aliyesimama nyuma”, “hayuko pichani”. Ukiyasoma kwa makini utaona nani alionekana kuwa mtu na nani alionekana kuwa umati. Katika picha nyingi za enzi ya gavana, afisa Mzungu anatajwa kwa jina na cheo, na machifu waliokuja kupokea medali wanaitwa “machifu” tu, wote kwa pamoja. Uhuru ulilisawazisha hilo kwa kiasi fulani, lakini wanawake waliendelea kuandikwa “mke wa fulani”, hata yule aliyekuwa anatuzwa kwa kazi yake mwenyewe ya ukunga au ualimu. Mimi naliona hilo kuwa deni. Linaweza kulipwa, kwa sababu baadhi ya waliohudhuria bado wako hai na wanakumbuka.

Cheo kilichoandikwa kwenye maelezo ni njia ya kuhakiki tarehe. Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu kuanzia Siku ya Madaraka, tarehe 1 Juni 1963, na akaendelea kuwa Waziri Mkuu hata baada ya uhuru. Alikuwa Rais kuanzia tarehe 12 Desemba 1964, Kenya ilipokuwa jamhuri. Kwa hiyo maelezo yanayosema “Rais Kenyatta akishuhudia bendera ikipandishwa 1963” yaliandikwa baadaye, na mtu asiyekuwa mwangalifu. Hafla hizo tatu, ya Madaraka, ya Uhuru na ya Jamhuri, huchanganywa mno, maana katika zote Mzee yuko katikati na umati uko nyuma. Usiku wa uhuru, pale Uhuru Gardens kwenye Barabara ya Lang'ata, una ugumu wake peke yake: sherehe ilianza tarehe 11 Desemba 1963 na bendera ya Kenya ikapanda saa sita usiku, siku mpya ikiingia. Picha mbili za hafla moja zinaweza kuwa na tarehe mbili na zote zikawa sahihi.

Makamu wa Rais ndio wanaosaidia zaidi. Jaramogi Oginga Odinga alishika cheo hicho kuanzia jamhuri ilipotangazwa hadi Aprili 1966. Joseph Murumbi alikuwapo miezi michache tu ndani ya 1966. Daniel arap Moi alikishika kuanzia Januari 1967 hadi Kenyatta alipofariki tarehe 22 Agosti 1978. Picha inayomwonyesha “Makamu wa Rais Murumbi” akikabidhi kombe haina haja ya mwaka kuandikwa.

Pasipo maandishi yoyote, tazama vilivyomo ndani ya picha. Kenyatta alibeba usinga, Moi alibeba rungu na mara nyingi alikuwa na ua kwenye koti. Picha ya rais iliyotundikwa ukutani nyuma ya meza ya DC, yaani mkuu wa wilaya, inakuambia enzi hata kama rais mwenyewe hakuwapo. Nambari za magari yaliyoegeshwa nazo zinazungumza: ile herufi moja inayokuja mwisho, baada ya tarakimu, haikuwapo kabla ya miaka ya mwisho ya 1980. Rangi, kinyume chake, hudanganya. Katika picha nyeusi na nyeupe, nyekundu na kijani ya bendera yetu hutoka karibu sawa, na picha za rangi za zamani huelekea wekundu kadiri zinavyochakaa, kwa hiyo usitegemee rangi ya utepe wa nishani kujua ni nishani gani.

Sasa kuna suala zito zaidi, nalo ni kile ambacho picha rasmi haikutumwa kukionyesha. Tarehe 30 Machi 1950 Nairobi ilikabidhiwa hati ya kuwa jiji, iliyoletwa na mdogo wake mfalme wa Uingereza, Duke wa Gloucester. Kwa picha za siku ile, jiji zima lilifurahi. Lakini viongozi wa vyama vya wafanyakazi, akiwamo Makhan Singh na Fred Kubai, walikuwa wamewahimiza Waafrika wazisusie sherehe hizo, wakisema jiji lililokuwa likisherehekewa halikuwa lao. Makhan Singh alikamatwa Mei mwaka huo huo na akakaa kizuizini zaidi ya miaka kumi. Picha hazikusema uongo: hati ilitolewa kweli. Zilisimama tu mahali zilipoambiwa zisimame. Mtu anayetaka kuijua siku hiyo anahitaji picha na pia magazeti na mafaili ya polisi ya wiki zile.

Wakati mwingine, lakini, jambo kubwa huingia lenyewe ndani ya picha. Tarehe 30 Desemba 2002 Mwai Kibaki aliapishwa katika bustani ya Uhuru Park akiwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa plasta kutokana na ajali ya barabarani ya wakati wa kampeni. Jaji Mkuu Bernard Chunga alimwapisha, Moi akiwa jukwaani hapo hapo. Itifaki haikuwa imepanga rais aape akiwa ameketi, na umati ulisukumana hadi miguuni pa jukwaa. Ukizitazama picha hizo unaona utaratibu wa serikali ukijikunja kumfuata binadamu. Katika uwanja ule ule, tarehe 27 Agosti 2010, Katiba mpya ilipozinduliwa, safu ya wageni iligeuka kuwa habari kuliko jukwaa, kwa sababu Omar al-Bashir wa Sudan, aliyekuwa akitafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, alikuwa ameketi miongoni mwao. Waliokuwa wakipiga picha ya viti vya wageni kwa kawaida tu walijikuta wameshika ushahidi.

Ukitaka kuzitafuta picha za zamani hapa jijini, anzia Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, jengo lile la Moi Avenue lililokuwa benki, ambalo kila anayeshukia katikati ya mji amewahi kulitumia kama mahali pa kukutania. Hifadhi ilianzishwa kwa sheria ya 1965. Ghorofa ya chini imejaa vitu vya sanaa alivyokusanya Murumbi, na wengi huishia hapo. Mafaili na picha huombwa kwenye chumba cha kusomea. Omba kwa tarehe na mahali, usiombe kwa jina la babu peke yake, kwani picha hupangwa kwa hafla. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, ina magazeti ya zamani yanayoweza kukupa maelezo ambayo picha yako ilipoteza.

Kwa nishani kuna njia ya uhakika zaidi. Majina ya wanaotunukiwa huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na orodha kubwa kwa desturi hutoka karibu na Siku ya Jamhuri. Matoleo mengi ya zamani sasa yanasomeka mtandaoni. Humo utamkuta mtu na herufi zake: CGH, EGH au MGH kwa Moyo wa Dhahabu, CBS, EBS au MBS kwa Mkuki Unaowaka, kisha OGW, ya Shujaa Mkuu, na HSC, pongezi za Mkuu wa Nchi. Hiyo HSC iko chini ya zote kwa ngazi, na ndiyo walimu, manesi na machifu wengi walioipata. Familia ikijua mwaka na mkoa, jina hupatikana, na likipatikana lile la mmoja, majirani zake kwenye orodha mara nyingi ni majirani zake kwenye picha.

Nakala iliyo nyumbani inahitaji uangalizi mdogo tu lakini wa haraka. Negativu za asetati, aina ya plastiki ya filamu za zamani, zikianza kunuka siki zimeshaanza kuoza, zitenge na nyingine. Toa picha kwenye albamu zenye gundi ikiwa inatoka bila kuchanika. Andika nyuma yake kwa penseli laini, pembeni, usikandamize. Kalamu ya wino hupenya na mkwaruzo huonekana upande wa sura. Ukiipiga picha kwa simu na kuituma kwenye kundi la familia la WhatsApp, itakuwa imebanwa, na taarifa zilizofichwa ndani ya faili zitafutika, basi hifadhi pia ile ya awali na andika maelezo kwenye ujumbe wenyewe. Taja kila mtu kutoka kushoto. Usiyemjua mpe nafasi yake: “wa tatu, hajulikani”. Jina lenye shaka liwekee alama ya kuuliza, na uandike ni nani aliyelitaja na mwaka aliolitaja.