RAM kubwa pekee haiifanyi laptop kuwa ya gemu

Katika magrupu ya WhatsApp hapa Tanga kuna ujumbe usiochoka kuzunguka: "Una bajeti yako? Tafuta laptop ya RAM 32, gemu zote zitateleza." Si kweli, ingawa naelewa unakotoka.

RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ni kama meza ya fundi. Ikiwa finyu, kazi inakwama, ndiyo maana aliyetoka GB 8 kwenda 16 huona tofauti kweli. Lakini anayechora picha za gemu ni kadi ya michoro, yaani GPU. Meza pana haimwongezei fundi mikono. Tena RAM mara nyingi huongezwa baadaye. GPU ya laptop kwa kawaida imechomelewa kwenye ubao mkuu wa kompyuta, ukiikosa leo umeikosa.

Hata jina la kadi halitoshi. RTX 4060 ya laptop, kadi ya michoro ya Nvidia, inaweza kupewa wati 35 au 115, kutegemea mtengenezaji, na kasi haiwi sawa. Muulize muuzaji wati ngapi. Akibabaika, tafuta mwenyewe kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Ukiwa dukani pale Ngamiani, usiridhike na stika. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa utendaji, shuka hadi GPU. Ukikuta ya Intel peke yake yenye jina "UHD", hiyo ni ya ofisini, hata RAM iwe 64.

Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.