Sauti haimo kwenye wimbi kuu, imo pembeni yake

Msikilizaji akisema anapata stesheni yake kwenye kilohezi 1000, hajakosea. Ila namba hiyo inataja sehemu ya matangazo isiyo na neno hata moja ndani yake. Wengi tunaowaeleza hivyo hushangaa.

Mtambo wa kurushia matangazo ya AM hutoa wimbi la masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yasiyobadilika, wimbi bebezi. Mtangazaji akizungumza, sauti yake hulikuza na kulipunguza kimo. Ndiyo modulesheni. Kwa maelezo hayo, mtu atadhani sauti imepakiwa juu ya bebezi lenyewe.

Sasa tazama chombo kinachochora masafa kwenye skrini. Mtangazaji amenyamaza: mstari mmoja umesimama kwenye 1000. Apige mluzi wa kilohezi 1, mara vinachomoza vijiti viwili, kimoja kwenye 999 na kingine kwenye 1001. Akianza kusoma habari, vijiti vinakuwa vilima viwili vinavyochezacheza kwa kila silabi, cha kushoto kikiwa sura ya cha kulia iliyogeuzwa kama kwenye kioo. Hizo ndizo kanda za pembeni. Mstari wa katikati hautikisiki muda wote huo.

Mwaka 1930 John Ambrose Fleming, aliyevumbua vali ya redio mwaka 1904, aliandika katika jarida la Nature kwamba kanda hizi ni za kwenye hesabu tu. Namheshimu sana, lakini hapo alikosea. Ukichuja ukanda mmoja na kuutupilia mbali mwingine wote, maneno yanabaki kamili. Tena tangu 1927 simu ya redio kati ya New York na London ilikuwa ikifanya kazi kwa ukanda mmoja, njia iliyotokana na hesabu za mwaka 1915 za mhandisi Mmarekani John Carson.

Faida yake ni kubwa. Bebezi la wati 1000, likimodulishwa kikamilifu kwa mlio mmoja, huongezewa wati 250 kila upande. Jumla ni 1500, na theluthi mbili zake hazibebi ujumbe wowote. Na kwa kuwa kanda mbili zinasema jambo lilelile, moja inatosha. Ndiyo sababu meli, ndege za safari ndefu na wapenzi wa redio hutumia ukanda mmoja kwenye masafa mafupi: nguvu yote inaingia kwenye maneno, na nafasi inayotumika ni nusu.

Mbona basi stesheni za AM bado zinarusha bebezi? Kwa sababu redio ya kawaida inalihitaji kama kipimo. Kwa kulilinganisha na kanda zake, diodi moja tu, kipande kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja, inatosha kuirudisha sauti. Bebezi lisiporushwa, redio lazima ilitengeneze yenyewe, na ikikosea kwa hezi 100 tu, kila mtetemo unasogea kwa kiasi hichohicho: 200 inakuwa 300, 400 inakuwa 500. Ya pili ilikuwa mara mbili ya ya kwanza, sasa siyo tena. Sikio hulitambua kosa hilo mara moja, na mzungumzaji husikika kama bata.

Anayesikiliza masafa mafupi usiku anaifahamu hali inayofanana na hiyo. Stesheni inasikika vizuri, halafu ghafla sauti inakwaruza na kupasuka, ingawa maneno hayajapotea. Mawimbi yanayorudishwa na ionosfea, tabaka la juu la angahewa lenye chaji za umeme, hufika kwa njia zaidi ya moja, na njia hizo zinaweza kufutana kwenye masafa ya bebezi peke yake. Kanda zimefika, kipimo chake hakipo. Subiri kidogo bila kugusa kitufe. Ionosfea ikibadilika, bebezi hurudi na sauti inanyooka.