Tezi ya parathairoidi iliyovimba: damu kwanza, picha baadaye

Hapa Kisumu napokea wagonjwa wenye kalsiamu ya juu na mawe ya figo yasiyoisha, ambao wamerudishwa nyumbani kwa sababu ultrasaundi ya shingo "haikuona kitu". Hapo mambo yamepinduliwa. Ugonjwa huu huthibitishwa na damu. Kalsiamu ikipanda, tezi za parathairoidi zenye afya hutakiwa kunyamaza. Homoni yao ya kupandisha kalsiamu, PTH, ikiendelea kuwa juu, au hata ikiwa kwenye kiwango cha kawaida tu, tezi moja au zaidi haitii tena. Daktari ataulizia dawa zinazoweza kupandisha kalsiamu, kama lithiamu, na atapima mkojo ili kuondoa hali ya kurithi ambayo figo hung'ang'ania kalsiamu. Sisi wa radiolojia huja baada ya hapo, na kazi yetu ni moja: kumwonyesha daktari wa upasuaji aanze kutafuta wapi.

Swali la wapi si dogo. Tezi hizi kwa kawaida ni nne, kila moja kama punje ya mchele, nyuma ya tezi ya thairoidi. Wapo watu wenye tano, na wapo ambao moja imeshuka hadi kifuani. Katika zaidi ya wagonjwa 80 kwa kila 100 ni tezi moja tu iliyoharibika, tena kwa uvimbe usio wa saratani. Ikijulikana ilipo, mkato huwa mdogo na upande wa pili wa shingo hauguswi.

Naanza na ultrasaundi, bila mjadala. Ni nafuu, haina mionzi, na inapatikana Kakamega na Kericho kama ilivyo hapa. Uvimbe huonekana mweusi kuliko thairoidi, na ukiwasha Doppler, inayoonyesha mwendo wa damu, unaona mshipa wa damu ukiingilia nchani. Namwambia mgonjwa ageuze shingo, kisha ameze mate, maana kumeza huinua tezi zilizojificha chini. Lakini kipimo hiki ni cha mkono wa anayekishika. Anayepima wajawazito kutwa na shingo mara moja moja atapitwa na vitu, na simlaumu. Mawimbi ya sauti pia hayapenyi hewa wala mfupa, kwa hiyo kilicho nyuma ya koromeo au mfupa wa kifua hakionekani. Goita kubwa yenye vinundu ndiyo huvuruga kabisa.

Kipimo cha pili ndipo wataalamu tunapobishana.

Skani ya sestamibi hutumia dawa yenye tekineti, chembe ya mionzi. Thairoidi na uvimbe vyote huinywa. Baada ya saa mbili tatu thairoidi imeiachia, uvimbe bado umeishikilia kwa sababu seli zake zimejaa mitokondria, vijitanuri vya nishati vya seli. Ikiunganishwa na CT (eksirei ya kompyuta inayopiga mwili vipande vipande) inaonyesha vizuri hata kilichoshukia kifuani. Udhaifu wake ni uvimbe mdogo, tezi zaidi ya moja kuharibika, na vinundu vya thairoidi vinavyoshikilia dawa vilevile. Halafu tekineti hupungua nusu kila saa 6, haiwekwi stoo. Wagonjwa wetu wengi huishia kupanda basi la Nairobi kwa ajili yake.

CT ya awamu kadhaa, ile tunayoiita 4D, hutazama mwendo wa damu. Tunapiga picha bila dawa ya rangi, tunapiga tena sekunde 25 hadi 30 hivi baada ya kuidunga, kisha karibu sekunde ya 80. Uvimbe hung'aa haraka na kufifia haraka. Matezi ya limfu huchelewa kung'aa. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 2012 uliipa uwezo wa kuona wa asilimia 89, ultrasaundi 76 na sestamibi 79, ingawa tafiti za CT zilizohesabiwa zilikuwa chache.

Kwa mazingira yetu, mimi nachagua CT iwe ya pili. Siichagui kwa kijana, kwani thairoidi yake itapata mionzi mingi kuliko ya sestamibi, wala kwa mwenye figo dhaifu kabla hatujaona kreatinini yake, kipimo cha damu cha kazi ya figo. Na ugonjwa wenyewe hupenda kuumiza figo!

Skani ya PET yenye kolini, ambayo nayo hufuata dawa ya mionzi mwilini, huona hata vilivyowashinda wengine, na baadhi ya vituo vya Ulaya sasa huanza nayo. Dawa yake ya florini hupungua nusu kila dakika 110. Ikisafirishwa kwa gari kutoka Nairobi, itafika hapa imebaki chini ya sehemu moja ya nane. MRI, picha ya sumaku isiyo na mionzi, naiweka kwa mjamzito na kwa anayerudia upasuaji.

Picha mbili zikikubaliana, daktari wa upasuaji huingia upande mmoja kwa uhakika. Zikipingana, au zote zikiwa tupu, atazikagua tezi zote nne, na akiwa mzoefu zaidi ya wagonjwa 95 kwa 100 hupona. Wanaosafishwa damu kwa sababu ya figo wako mbali na haya: kwao tezi zote huvimba pamoja.

Kama uliwahi kupasuliwa shingo, usije na picha peke yake. Njoo na maelezo ya upasuaji ule na ripoti ya maabara ya kilichotolewa, hata kama karatasi zimechakaa, kwa sababu bila hizo sijui ni tezi ngapi zimebaki za kutafuta.