Je, wajua kwa nini kompyuta mpakato kuukuu hufaa kuwa seva ya nyumbani?

Tangu Microsoft iliposimamisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta mpakato nyingi zilizo nzima zimejikuta hazina pa kwenda, kwa sababu Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au cha baadaye. ThinkPad T430 ya mwaka 2012, kwa mfano, imeachwa nje kabisa, ingawa ina tundu la kebo ya mtandao lenye kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde na hupokea RAM hadi GB 16. Mashine kama hii yawezaje kufanya kazi ya seva, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta na simu nyingine kupitia mtandao, usiku na mchana, na kwa nini nyumbani mara nyingi hufaa kuliko seva halisi ya mtumba?

Jibu linaanzia kwenye umeme. Seva ya ofisini ilibuniwa na watu waliojua kwamba itakaa kwenye chumba chenye umeme wa uhakika na kipoza hewa, ilhali kompyuta mpakato ilibuniwa kwa ajili ya mtu aliye mbali na soketi, na ndiyo maana prosesa yake hupunguza mwendo na kuzima baadhi ya sehemu zake kila inapokosa kazi. Skrini ikiwa imezimwa na hakuna programu nzito inayoendeshwa, mashine ya aina hiyo hutumia kati ya wati 10 na 20. Tukichukua wati 14, kwa saa 24 na siku 30 tunapata takriban uniti 10 za umeme kwa mwezi. Seva ya zamani inayotumia wati 150 hata ikiwa imetulia ingemaliza uniti 108 katika muda huohuo, tena kwa mvumo wa feni unaosikika nyumba nzima.

Sababu ya pili ni betri, na kwa anayeishi mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa naiona kuwa ndiyo kubwa kuliko zote. Seva haiandiki data kwenye diski papo hapo. Data hukaa kwanza kwenye RAM kwa muda mfupi, kisha huandikwa kwa mkupuo. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mfumo wa faili wa ext4 unaotumiwa sana kwenye Linux, mfumo endeshi huria unaoweza kushika nafasi ya Windows, huweza kurekebisha muundo wake kwa kusoma kumbukumbu za mabadiliko ilizojiwekea, lakini yaliyokuwa bado kwenye RAM hayarudi. Kompyuta mpakato huvuka kipindi hicho kana kwamba hakuna kilichotokea. Betri ya saa-wati 56 iliyobakiwa na nusu ya uwezo wake bado ina saa-wati 28, ambazo kwa matumizi ya wati 14 ni saa 2. Ni vyema hata hivyo kukumbuka kwamba ruta haina betri: umeme ukikatika seva itaendelea kuwaka, lakini hakuna simu itakayoifikia mpaka ruta nayo ipatiwe kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme.

Betri hiyohiyo ndiyo inayohitaji uangalizi mkubwa. Seli za lithiamu zikiachwa zimejaa asilimia 100 kwa miezi mingi, tena ndani ya mashine yenye joto, huchakaa haraka, na baadhi huzalisha gesi na kuvimba. Dalili huonekana kwa macho: kibao cha kuendeshea kishale kinagoma kubonyezeka kwa sababu kimesukumwa kutoka chini, au bodi ya mashine imeachana pembeni. Betri iliyofikia hapo iondolewe mara moja, isitobolewe wala kukandamizwa, na isitupwe pamoja na taka za kawaida. Kinga yake ni rahisi, nayo ni kuizuia isijae. Kwenye ThinkPad, Linux ina faili iitwayo charge_control_end_threshold, na ukiandika ndani yake namba 80, chaja huacha kujaza betri inapofika asilimia hiyo. Programu ya TLP huirejesha namba hiyo kila mashine inapowashwa, hivyo huhitaji kuikumbuka.

Usakinishaji wenyewe si mgumu. Debian na Ubuntu Server, ambayo ni matoleo ya Linux, hutolewa bure, huandikwa kwenye flashi, na katika nusu saa hivi mashine huwa tayari. Zipo hatua mbili zisizo na mjadala: badilisha diski ya kuzunguka uweke SSD, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka, kwa kuwa hakuna mabadiliko mengine yatakayoipa mashine kuukuu kasi kubwa namna hiyo, na hakikisha kwamba prosesa ni ya biti 64, maana Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha kompyuta za biti 32.

Kinachowashangaza wengi hutokea baadaye kidogo, wanapofunga kifuniko na seva kutoweka kwenye mtandao. Mashine imefanya ilivyofundishwa, yaani kulala kifuniko kinapofungwa. Fungua faili la /etc/systemd/logind.conf, tafuta mstari unaoanza na HandleLidSwitch, ondoa alama ya reli iliyo mbele yake, na uandike:

HandleLidSwitch=ignore

Ukishaiwasha upya, unaweza kuifunga na kuiweka juu ya rafu. Iwekwe mahali penye hewa, na matundu ya feni yasizibwe na ukuta wala kitambaa. Kuanzia hapo unaingia kutoka kompyuta nyingine kwa SSH, itifaki ya kuiendesha kompyuta kwa mbali kwa njia salama, ambayo Tatu Ylönen aliibuni nchini Ufini mwaka 1995. Siku mtandao ukiharibika, unainua kifuniko na kukuta skrini na kibodi vikikungoja, jambo ambalo mwenye seva ya kawaida hawezi kulifanya bila kwenda kutafuta skrini kwanza.

Seva hii ya nyumbani hufaa pia kuwa maabara ya kujifunzia. Kwa nini tuiite maabara? Prosesa za Intel zilianza kupewa uwezo wa kubeba mashine pepe mwaka 2005, na Linux ikaingiza KVM, sehemu inayotumia uwezo huo, katika toleo la 2.6.20 la Februari 2007. Kwa hiyo kompyuta ya mwaka 2012 yenye RAM ya GB 16 inaweza kubeba mashine pepe kadhaa ndogo kwa wakati mmoja, kila moja ikijiona kuwa ni kompyuta kamili, mradi uwezo huo umewashwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguliwa kabla ya mfumo endeshi kuanza, ambako mara nyingi huja umezimwa. Hapo mwanafunzi anaweza kuweka seva ya tovuti kwenye moja, hifadhidata kwenye nyingine, akaziunganisha, akaziharibu, kisha akarudi kwenye hali aliyoihifadhi dakika 10 zilizopita. Nathamini sana uhuru huu wa kuharibu, kwa sababu kazini hakuna anayekukabidhi seva ya kampuni uijaribie.

Maabara hiyo inaweza kuifaa nyumba nzima pia. Kiwix ni programu huria inayohifadhi tovuti nzima kwa ajili ya kusomwa bila intaneti. Wikipedia ya Kiingereza pamoja na picha zake huzidi GB 100, ilhali ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, ni ndogo mno kuliko hiyo na inaenea kwa urahisi kwenye SSD ya kawaida. Ukishaipakua mara moja, watoto wanaisoma kwa simu kupitia Wi-Fi ya nyumbani bila kugusa bando.

Kuifikia seva ukiwa nje ya nyumba ni suala jingine. Kampuni nyingi za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, na ruta ya mteja hupewa anwani kutoka fungu la 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255, lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo. Ukiikuta anwani ya fungu hilo kwenye ukurasa wa ruta yako, fahamu kwamba kufungua milango (port) kwenye ruta ili maombi ya nje yaingie hakutasaidia, kwa sababu ombi linalotoka nje halifiki kwako kabisa. Njia inayofanya kazi ni seva yako yenyewe kuanzisha muunganisho kuelekea kompyuta ndogo ya kukodi yenye anwani ya wazi, kwa kutumia WireGuard, teknolojia ya VPN inayounganisha kompyuta kwa njia iliyofichwa, ambayo imekuwa ndani ya Linux tangu toleo la 5.6 la Machi 2020. Simu yako nayo huunganishwa hapohapo, na mawasiliano yote hupita yakiwa yamefichwa, bila mlango wowote wa nyumbani kuachwa wazi.