Je, wajua kwa nini kukana madai tu mbele ya Kadhi hakukupi nafaka yako, yaani matumizi ambayo mume anawajibika kumpa mkewe?

Mume amefungua kesi Mahkama ya Kadhi ya Wilaya, Wete, Pemba. Anasema mkewe ametoka nyumbani bila idhini, anataka arejee. Mke anapokea samansi, anajibu kwamba ameondoka kwa sababu alikuwa halishwi. Anashuhudisha, Kadhi anaridhika, madai ya mume yanatupwa. Mke anarudi kwao na nini? Hana kitu. Ile miezi aliyokaa bila matumizi haikuamuliwa, kwa sababu hakuna aliyeidai.

Kadhi huamua kilichoombwa. Majibu ya madai ni ngao tu. Anayetaka kupewa kitu lazima aombe, na mdaiwa huomba kwa njia ya madai kinzani, yaani madai yake mwenyewe dhidi ya aliyemshitaki, ndani ya jalada lile lile. Sababu aliyoitaja mke ilikuwa ya kweli, lakini iliandikwa kama udhuru, haikuandikwa kama deni.

Madai kinzani huandikwa chini ya majibu, kwa kichwa chake na aya zenye nambari, na mwisho huwekwa maombi. Mahkama huyatazama kama kesi kamili. Mume akiona mambo yanamgeukia akaondoa madai yake, ya mke yanabaki. Naye mume sasa ni mdaiwa, itampasa ayajibu. Muulize karani kama yanalipiwa ada mbali, maana karatasi ambayo ada yake haikulipwa inaweza kukaa bila kusikilizwa.

Kwenye hesabu ndipo wengi wanapoanguka. "Hanihudumii" si dai. Dai husomeka hivi: tangu tarehe 1 Machi mpaka 31 Oktoba, siku 245, mume hakutoa chakula, kwa shilingi 8,000 kwa siku, jumla ni 1,960,000. Kiwango hicho ni cha mfano tu. Chako kipime kwa hali ya mume. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi Unguja na Pemba, nafaka ya mke imepimwa kwa mudi (kipimo cha ujazo) za chakula kwa siku: mbili kwa mwenye uwezo, moja na nusu kwa wa wastani, moja kwa masikini. Kwa hiyo kueleza kazi ya mume na kipato chake si umbea, ni sehemu ya dai.

Tena, nafaka ya mke iliyopita ni deni shingoni mwa mume, haifi kwa siku kupita. Ya watoto si hivyo: kwa Shafii, iliyopita huanguka isipokuwa Kadhi alikwisha kuiamuru au kuruhusu ikopwe. Basi ya watoto iombe mapema, na uombe amri ya kila mwezi kuanzia sasa.

Deni la mke nalo ligawe mafungu mawili: kabla hajatoka nyumbani, na baada ya kutoka. Mume atasema mkewe ni nashiza, yaani mke aliyemuasi mumewe, na nashiza hana nafaka. Hoja hiyo inagusa fungu la pili tu. Ukiyachanganya, ubishi wa kutoka utayameza yote mawili.

Halafu kuna mzigo wa ushahidi. Kanuni ya Kadhi ni kwamba ushahidi ni juu ya anayedai na kiapo ni juu ya anayekana. Ulipokuwa ukijibu tu, mwenye kulazimika kushuhudisha alikuwa mwenzio. Ukileta madai kinzani, kwa upande huo mdai ni wewe. Tafuta mashahidi walioona, si waliosimuliwa: mwenye duka mwenye daftari la mkopo, jirani aliyekuwa akikupa unga. Kama mlikwisha kusuluhishwa kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, barua yake iambatanishe pamoja na cheti cha ndoa.

Mwenye kutaka kuachwa ataje njia. Akisema tu "nataka talaka yangu", mazungumzo huelekea haraka kwenye khului, yaani mke kujivua kwenye ndoa kwa kulipa, naye akajikuta anarejesha mahari ili atoke. Ikiwa kosa ni la mume, kama kutolisha au kumdhuru, aombe faskhi, yaani Kadhi aivunje ndoa, na ataje sababu hiyo. Na asiombe faskhi na kurudishwa nyumbani kwa mkupuo mmoja. Aseme lipi analitaka kwanza, na lipi likishindikana.

Nyumba na mikarafuu? Sheria ya Mahkama ya Kadhi Na. 9 ya 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya 1985, imeingiza mali ya wanandoa pale penye mchango wa kweli. Lete risiti za saruji na mabati, ujumbe wa pesa zilizotumwa kwa simu, fundi uliyemlipa. Deni la biashara baina yenu peleka mahkama za kawaida.

Ukiona hukuliandika jambo, omba ruhusa ya kurekebisha kabla ushahidi haujaanza. Rufaa ya kesi ya Kadhi hupanda mpaka Mahkama Kuu ya Zanzibar na kukomea hapo, haifiki Mahkama ya Rufani ya Tanzania. Na huko juu hupimwa yaliyoamuliwa chini. Nafaka ambayo haikudaiwa Wete, huko si mahali pake pa kuanzia.